Mashine ya Kufulia Isiyokoma Kujaa: Fuata Maji Kituo kwa Kituo

Mashine ya kufulia ikianza kujaa na isikome, usimpigie fundi kwanza, wala usibonyeze vitufe vyote ukitumaini kimoja kitaituliza. Kama sakafu imekwisha kulowa, zima swichi kuu ya umeme wa nyumba kabla ya kugusa chochote, kisha chomoa plagi ya mashine ukiwa na mikono mikavu. Koki ya maji iache wazi. Sasa tega sikio kwa nusu dakika na uchungulie ndani. Maji yakiendelea kuingia hali plagi iko mkononi mwako, umekwisha kujua jambo kubwa: hakuna bodi, sensa wala programu inayoweza kushikilia njia ya maji wazi bila umeme, kwa hiyo ubovu uko kwenye valvu ya kuingizia maji au kwenye maji yenyewe. Yakikatika papo hapo, umejua jambo jingine, kwamba valvu inaweza kufunga lakini kuna kitu kinachoiamuru isifunge. Baada ya hapo funga koki. Jaribio hili halina gharama, halihitaji bisibisi, na linagawa matatizo ya mashine inayojaa katika mafungu mawili yasiyochanganyika kwa urahisi. Inasikitisha kuona mashine ikifunguliwa mgongo na kubadilishwa bodi kabla ya mtu yeyote kulifanya.

Hoja ya mwongozo huu ni moja. Kwa msomaji wa Tabora, na kwa wa Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua hadi Kigoma, mashine isiyokoma kujaa ichunguzwe kwa kuyafuata maji kutoka yanakotoka hadi yanakomwagwa, na umeme uwe wa mwisho. Vijitabu vinavyokuja na mashine havisemi hivyo. Vimeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo maji hutoka bombani saa zote kwa presha ileile, yakiwa safi, na ambayo bomba la maji machafu limejengewa ukutani kwa kimo kilichokusudiwa. Mwandishi wa kijitabu hakuwa na sababu ya kufikiria simtanki juu ya stendi, maji ya mgao, paa la bati lililokusanya vumbi tangu Mei, au mpira wa kutolea maji uliolazwa chini hadi kwenye shina la mwembe. Kwetu hivyo ndivyo vitu vya kila siku, na kila kimoja kinaweza kuifanya mashine isiyo na ubovu wowote ijaze maji mpaka yamwagike.

Kuyafuata maji si wazo geni katika ukanda huu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipo Tabora, na Ujiji katika karne ya 19 ilipangwa kwa visima na madimbwi kuliko kwa umbali. Kati ya Ugogo na Unyanyembe lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, na wapagazi walizivuka sehemu kavu kwa mwendo walioita tirikeza: walikula na kunywa adhuhuri, wakaondoka alasiri, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakaendelea hadi kituo chenye maji. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, kwenye Tabora ya leo, Novemba 1857, walipita pori hilohilo kwa vituo vya Jiwe la Mkoa na Tura. Maji ya bomba nayo yana vituo vyake. Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Siku hizi yapo pia maji ya Ziwa Victoria, yanayochotwa Ihelele wilayani Misungwi, yakapita Solwa mkoani Shinyanga, ndipo yakaja Nzega, Igunga na Tabora. Uso wa ziwa uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari na Tabora iko karibu meta 1,200, kwa hiyo maji hayo hayashuki yenyewe; kila lita imesukumwa na pampu. Na yakifika mjini safari haijaisha. Yanaingia mabomba ya mtaa, mita, tenki la nyumbani, koki, mpira, chujio na valvu. Kasoro ya kituo chochote kati ya hivyo huonekana mahali pamoja tu, ndani ya mashine, na ndiyo sababu mashine hubeba lawama ya wote.

Anza na tenki. Maji yanayoshuka kutoka tenkini hupata presha kutokana na kimo peke yake, na kila meta 1 ya kimo hutoa takriban baa 0.1. Haidhuru tenki ni la lita 500 au 5,000. Ukubwa hauongezi presha hata kidogo, na wapo wanaopoteza fedha kwa kununua tenki kubwa zaidi ili maji yatoke kwa nguvu. Sasa soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine, au ukurasa wa vipimo katika kijitabu chake. Mashine nyingi za kujiendesha huandikwa presha ya maji kuanzia 0.05 MPa, ambayo ni baa 0.5, baadhi huruhusu 0.03 au hata 0.02. Baa 0.5 ni kimo cha meta 5 kutoka kwenye valvu ya mashine hadi uso wa maji tenkini. Stendi za nyumbani mara nyingi zina meta 2 au 3. Ongeza meta moja na nusu ya tenki lenyewe likiwa limejaa, toa meta moja ambayo ndiyo kimo cha valvu kutoka sakafuni, utabaki na meta 3 hivi, yaani baa 0.3. Tenki likikaribia kwisha unabakiwa na meta 1 au 2. Mashine inapewa chini ya nusu ya kile ilichotengenezewa, na hapo hata msukumo unaopotea kwenye bomba jembamba na kona zake haujahesabiwa.

Utauliza: presha ikiwa ndogo, si maji yangeingia polepole tu? Kwa nini yasikome? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo zima. Valvu ya mashine ya kufulia haifungwi na umeme, wala springi yake ndogo haina nguvu ya kuyazuia maji peke yake. Inafungwa na maji yenyewe. Ndani yake mna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo pembeni, kama lililotobolewa kwa sindano, na tundu jingine katikati. Umeme ukipita, koili huvuta kichuma kidogo juu, tundu la katikati likawa wazi, kiwambo kikainuka na maji yakapita. Umeme ukikatwa, kichuma hushuka na kuziba tundu la katikati. Maji hupenya kwenye lile la pembeni, hujaa upande wa juu wa kiwambo, na kwa kuwa eneo linalosukumwa juu ni kubwa kuliko la chini, kiwambo hukandamizwa mpaka njia ikafungwa. Presha ya kutosha hukikaza. Presha hafifu hukiacha kikilegea, maji yakaendelea kuchuruzika hata baada ya mashine kuamuru yakome. Ukiielewa picha hii, utaelewa pia kwa nini valvu mpya yaweza kufungwa leo na malalamiko yakarudi baadaye: kilichobadilishwa ni kiwambo, kilichokosekana ni kimo.

Ushahidi wa hili unaweza kuukusanya mwenyewe bila kifaa. Fua tenki likiwa limejaa, kisha siku nyingine fua likiwa robo. Mashine ikitulia katika hali ya kwanza na ikajaza kupita kiasi katika ya pili, bodi haina hatia, maana bodi haijui tenki lina maji kiasi gani. Wapo watakaopinga kwamba tenki lao halijasogezwa tangu nyumba ijengwe na mashine ilifanya kazi miaka kadhaa bila lawama. Ni kweli, na haipingani na hoja. Kiwambo kikiwa kipya ni laini na hukaa vizuri hata kwa presha ndogo. Kadiri miaka inavyopita mpira hukakamaa, chumvi ya maji hujishika kwenye kingo zake, na ile nafasi ndogo ya kusamehe iliyokuwapo mwanzoni huisha. Tenki halikubadilika. Mashine ndiyo iliyoacha kulivumilia. Tiba ni kuinua tenki ukiweza, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha kati ya tenki na mashine, au kununua valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya tenki, maana zipo. Ila pampu usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Humnyang'anya jirani maji yake, na hufyonza uchafu kupitia viungo vya bomba vilivyolegea.

Kituo kinachofuata ni chujio, na adui wa hapa ni mchanga. Pale mpira wa kuingizia maji unapofungwa mgongoni mwa mashine pana chujio dogo la wavu. Funga koki, weka beseni chini, fungua mpira kwa mkono au kwa plaizi, vuta chujio taratibu kwa plaizi ya mdomo mrefu na ulisugue kwa mswaki wa zamani. Utakachokiona kwenye wavu hakijafanya madhara zaidi ya kupunguza kasi ya maji. Kilichofanya madhara ni kile kilichopenya. Punje moja ikikaa chini ya kiwambo, kiwambo hakigusi kitako chake. Punje ndogo zaidi ikiziba lile tundu la sindano, maji hayafiki upande wa juu, msukumo haujengeki, na valvu inabaki wazi kabisa. Tofauti inasikika: presha ndogo ya tenki huacha mchuruziko, lakini tundu lililozibwa au kiwambo kilichopasuka huacha maji yakiingia kwa nguvu zake zote, plagi ikiwa ndani au nje. Kabla ya kununua spea, jaribu kufungua na kufunga koki kwa ghafla mara tano au sita huku ukiigonga valvu kidogo kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingine punje husukumwa ikatoka. Isipotoka, badilisha valvu nzima. Nyingi zimezibwa kiwandani na hazifunguliki, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bodi.

Kuna desturi moja inayostahili kuachwa leo hii, nayo ni kulitoa chujio na kulitupa kwa sababu maji yanaingia polepole. Maji huongeza kasi kweli, na mwenye mashine hufurahi, na tangu saa hiyo kila punje iliyoko tenkini ina njia nyeupe hadi kwenye kiwambo. Ikiwa tayari limetupwa, tafuta jingine kabla ya kufua tena. Na fundi akija na mita akapima koili ya valvu, akakuta ohimu 3,000 hadi 5,000 na kutangaza kwamba valvu ni nzima, mwombe atafakari tena kwa heshima. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba koili inaweza kufungua. Hakisemi lolote kuhusu kufunga, na tatizo lako ni kufunga.

Pingamizi linalokuja hapa ni kwamba maji ya ziwa yametibiwa, kwa hiyo mchanga utoke wapi? Maji hutoka safi kwenye mtambo, lakini usafi wa mtambo si usafi wa koki yako. Bomba likikauka wakati wa mgao kisha likajazwa tena, maji yanayorudi huja na hewa na msukosuko unaobandua kutu na tope lililotulia. Maji ya kwanza baada ya mgao hubadilika rangi, na kila aliyewahi kukinga ndoo anayajua. Hayo yasiingie mashine wala tenki. Yaachie yaende kwenye bustani mpaka yatakate. Tena tenki lenyewe ni mahali pa kutuama. Udongo wa Tabora sehemu nyingi ni wa kichanga, upepo wa kiangazi huupeperusha, na kifuniko cha tenki kilichopasuka kinaupokea. Wanaovuna mvua wana tahadhari ya ziada: mvua za mkoa huu huanza karibu na Novemba baada ya miezi mingi mikavu, na mvua ya kwanza huosha paa. Mifereji ya bati ielekezwe pembeni kwa siku hiyo. Kama bomba linalotoka tenkini limetobolewa chini kabisa, limevutwa pale tope linapolala. Fundi bomba anaweza kulipandisha sentimeta 10 kutoka kitako, na chujio la pili likafungwa kabla ya koki ya mashine. Wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi wawe na mazoea ya kukagua valvu mara nyingi zaidi, kwa sababu chumvi iliyoganda hufanya kazi ileile ya mchanga.

Tuhamie fungu la pili, la mashine inayoacha kujaa mara plagi inapochomolewa. Wengi hapa huruka moja kwa moja hadi kwenye bodi. Simama kwanza uulize: je, maji yanatoka wakati yanaingia? Mtu yeyote aliyewahi kuona mafuta yakinyonywa kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari anaelewa kanuni. Mpira ukishajaa, na mdomo wake ukiwa chini kuliko uso wa mafuta, yataendelea kutoka bila pampu mpaka yaishe. Mpira wa kutolea maji machafu wa mashine ya mlango wa mbele hufanya hivyohivyo ukilazwa chini. Mashine inajaza, mpira unamwaga, kiwango hakifikiwi kamwe, na mashine inaendelea kujaza kwa uaminifu ikingoja maji yafike. Haijaharibika hata kidogo. Kwa vile nyumba nyingi hufulia uani au kwenye baraza, na maji huelekezwa shimoni au kwenye miti, hili ni kosa la kutarajiwa. Nyanyua mpira, ufunge kwenye nondo za dirisha kwa kimo kati ya sentimeta 60 na 100 kutoka chini, halafu anza upya. Mashine ikisimama kwenye kiwango chake, kazi imekwisha. Ikiwa kujaza kwa kwanza huenda vizuri na tatizo huanza wakati wa kusuuza, shuku mnyonyo huu hata zaidi, kwa sababu pampu ndiyo iliyoujaza mpira mara ya kwanza ilipomwaga. Na ukiuingiza mpira ndani ya bomba la ukutani, usiuzibe pembeni kwa saruji au gundi; hewa ipite, la sivyo mnyonyo unarudi.

Usilione jambo hili dogo. Hata kama maji yanaingia kwa lita 5 tu kila dakika, saa moja ni lita 300, sawa na ndoo kubwa 15, na hakuna nguo hata moja iliyosuuzwa. Mahali ambapo bado kuna mama anayenunua maji kwa dumu, na binti anayeamka kabla ya alfajiri kupanga foleni kisimani, mpira uliolala chini ni hasara ambayo haina sababu ya kuendelea mpaka kesho.

Mashine za kufungulia juu zina kituo cha ziada. Nyingi kati yake hazina haja ya mpira wa juu, kwa sababu zina valvu ya kutolea maji chini ya pipa, inayofunguliwa na mota ndogo. Sarafu, pini ya mtandio, kifungo au waya wa sidiria ukikwama humo, valvu haizibi na maji hupotea taratibu. Weka ndoo mwishoni mwa mpira wakati mashine inajaza. Maji yakionekana ndooni, umepata. Zile za mapipa mawili, zinazojazwa kwa mkono, hazipimi kiwango: zinajaa kwa sababu koki haijafungwa.

Kama hakuna maji yanayotoka, swali linalofuata ni kama mashine inapata habari. Mashine haioni maji. Chini ya pipa kuna kijichumba cha hewa, na kutoka hapo mpira mwembamba hupanda hadi kwenye swichi au sensa ya kiwango, ambayo mara nyingi iko karibu na kifuniko cha juu. Maji yakipanda hubana hewa ya mle, hewa husukuma sensa, na sensa huiambia bodi kwamba inatosha. Kijichumba kikizibwa na utando wa sabuni, hewa haibanwi. Mpira ukitoboka, hewa hutoroka. Namna mbili hizi hutofautiana kwa tabia: palipozibwa, mashine hujaza bila kusimama tangu mwanzo; palipotoboka kidogo, hufika kiwango, husimama, kisha katikati ya kufua huongeza tena na tena kadiri hewa inavyovuja. Ukiwa umechomoa plagi, fungua kifuniko, ufuate mpira huo kwa vidole kutoka juu hadi chini ukitafuta ufa, kiungo kilicholegea au alama za meno ya panya. Ukiuchomoa kwenye sensa, puliza taratibu kuelekea kwenye pipa. Pumzi ipite bila ubishi. Kwenye swichi za kizamani, ukipuliza kidogo sana upande wake utasikia mlio wa kubofya. Sensa za kisasa hazilii, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi wa ubovu. Usitumie pampu ya baiskeli wala kompresa, itapasua kiwambo kilichomo.

Utando ule una chanzo kinachojulikana. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu anayefua kwenye beseni huupima ubora wa sabuni kwa povu. Mashine haitaki povu. Povu hupanda, huingia kijichumba cha hewa, hukauka na kuacha mabaki, na tabaka huongezeka kila wiki. Nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kama hakuna dukani, punguza kipimo cha ile ya kawaida hadi povu lisifike nusu ya kioo cha mlango. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60.

Sasa tumefika kwenye bodi, na hapa kuna pingamizi zito kuliko yote. Wapo watakaosema umeme wetu hupanda na kushuka, hukatika na kurudi kwa kishindo, na vifaa vya elektroniki hufa kwa hilo. Kwa hiyo fundi anayeshuku bodi kwanza ana uzoefu upande wake. Sikatai hata kidogo kwamba umeme huua bodi. Ninachokataa ni kuishuku bila kuiuliza. Bodi hufungua valvu kwa kijiswichi cha elektroniki, na kijiswichi hicho kikiungua kwa kuunganika, umeme hupita kwenye valvu muda wote. Dalili yake haifichiki: chomeka plagi, usiwashe mashine, usichague programu, na maji yaanze kuingia. Ukichomoa, yanakatika. Dalili hiyo ikionekana, bodi inashukiwa kwa haki, na itengenezwe au ibadilishwe, kisha mashine ilindwe kwa kifaa cha kudhibiti umeme kama kile wanachofungia friji. Isipoonekana, na maji yanaingia tu baada ya programu kuanza, bodi inafanya inachoambiwa na sensa, na kuibadilisha ni kumtoza mwenye nyumba gharama ya kosa la mwingine.

Usitegemee mno herufi zinazotokea kwenye kioo. Kwenye mashine za LG, FE ni maji kupita kiasi, PE ni sensa ya kiwango, IE ni maji kutoingia kwa wakati. Samsung huandika 4C maji yasipoingia. Hizo ni dalili za mahali, si za sababu. FE inaweza kuletwa na punje ya mchanga, tenki la chini au kijiswichi kilichoungua, na herufi ni zilezile. Vivyo hivyo, mashine nyingi za mlango wa mbele huwasha pampu zenyewe zikihisi maji yamezidi, hata kama hujachagua programu. Ukisikia pampu ikinguruma mara unapochomeka plagi, hiyo ni kinga inayofanya kazi yake, na pampu haina kosa.

Huenda umejiuliza kwa nini usimwite tu fundi na kumwachia yote. Mwite. Kuna kazi zisizofaa kufanywa na asiyejua, na kugusa bodi iliyounganishwa na umeme wa volti 230 ni mojawapo. Lakini mpelekee majibu: maji yanaingia au hayaingii plagi ikiwa nje, tenki likijaa na likipungua inakuwaje, yanatoka mpirani au hayatoki, yanaanza wakati wa kufua au wa kusuuza. Fundi mwema atafurahi, maana umemwokolea saa nzima. Na kama spea inabidi iagizwe Mwanza au Dar es Salaam na kuletwa kwa basi hadi Tabora, kisha ibebwe tena hadi Urambo au Sikonge, kuagiza kitu kisicho sahihi ni kupoteza siku nyingi za nguo zilizolundikana, kwa nyumba, kwa nyumba ya wageni, na zaidi kwa zahanati yenye mashuka ya wagonjwa.

Baada ya matengenezo, usirudishe mashine ukutani mara moja. Iache wazi mgongoni kwa mafuo mawili, moja tenki likiwa limejaa na moja likiwa chini ya nusu, uone kama inasimama mahali pamoja. Weka alama kwenye kioo cha mlango kwa kalamu ya wino mzito ili usikisie. Na tangu siku hiyo, funga koki kila umalizapo kufua, hasa kama mpira umeunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, ambamo maji hurudi usiku wa manane nyumba nzima ikiwa imelala.